Pale Niliposhuka kwenye Kinga

Mwanangu wa kwanza hakuwa na desturi ya kunitembelea siku za kazi. Kwa hiyo nilipomwona akiingia uani mchana, viatu vyake vya biro, yaani vya ofisini, vikiwa vimejaa vumbi, nilijua amesukumwa na haja. Nilikuwa nimeigeuza kinga yangu magurudumu juu, naziba tundu kwenye mpira wa nyuma. Kinga ndiyo baiskeli, kwa wasioujua usemi wetu wa Kalemie. Alinisalimu kwa adabu, akakaa kwenye kiti cha marehemu mama yake, kiti ambacho watu wa nyumba hii hawakikalii, kisha akaniuliza kama magoti yangu bado yana nguvu.

Haya ninayasema kwa mdomo, na anayeyaandika ni binti yake. Nimemwambia asilainishe neno lolote, ingawa anayesemwa ni baba yake. Mimi sikuingia shule hata siku moja, yeye ameingia. Basi mkono wake ufanye kazi yake, na lawama nitazibeba mimi.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Vijana wa mji walikuwa wameanzisha mashindano ya baiskeli za milimani, zile zenye matairi manene ambazo wenyewe huziita vetete. Walishindana usiku, wakati wa kiangazi, kila mmoja akiwa na taa kwenye paji la uso. Mbio zilianzia mchangani karibu na bandari, zikapanda katikati ya mitaa hadi njia ya zamani ya mlimani, zikaiacha kabla ya kona kubwa na kupita mkato hadi kijiji kilicho juu, zikakizunguka, halafu zikateremka kwa njia ya zamani hadi kona hiyo, na kutoka hapo zikafuata korongo hadi mjini. Watu walikimbia wawili wawili. Mmoja akifika bila mwenzake alihesabiwa kuwa hajafika.

"Papa, mwenzangu amelazwa, malaria imemuangusha," alisema. "Mbio ni Jumamosi. Bila muntu wa pili wananifuta."

"Vijana wamekwisha Kalemie?"

"Vijana wanaijua ile njia mchana. Wewe unaijua usiku."

Hapo alisema kweli. Nilitoka Ubembe, kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa, nikiwa kijana asiye na kitu, na kazi niliyoipata Kalemie ni kubeba samaki kwa kinga. Tulikuwa kundi la wabebaji, karibu wote wana wa kaskazini. Jua la huku halina huruma na samaki mbichi, kwa hiyo mikebuka, samaki wa ziwa letu, iliyotolewa majini jioni ilipaswa kupanda mlima usiku huo huo na kukuta soko la juu asubuhi. Kinga iliyobeba vikapu viwili vya samaki haipandwi. Unafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, unaegemea kwa kifua, unasukuma. Nimeisukuma mlimani katika giza lisilo na mwezi, nikiijua njia kwa nyayo, kwa harufu, kwa mahali upepo unapogeuka. Kwa samaki hao mwanangu alilipiwa minerval, yaani karo, tangu darasa la kwanza mpaka alipopata karatasi iliyomfungulia biro ya bandari.

Na ni katika biro hiyo aliponijeruhi. Siku moja nilimpelekea vyungu vya samaki wa mchana, kwa kuwa mke wake alikuwa amejifungua huyu anayeandika na nyumba haikuwa na mpishi. Mwenzake wa kazi aliuliza mimi ni nani. Mwanangu alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake: "Ni mzee mmoja anatuletea samaki." Niliviweka vile vyungu sakafuni, nikaondoka. Sikumwambia kitu siku ile, wala miaka iliyofuata, na yeye hakuniambia kitu. Tulikaa hivyo, tukisalimiana kanisani kama majirani.

Basi aliponiomba nikimbie naye, nilimpa sharti moja.

"Nitakimbia na wewe. Lakini tukifika chini, mbele ya shefu wako wa kazi na wenzako wote wa biro, utawaambia mimi ni nani kwako."

"Papa, hiyo nayo ni kitu ya kuwekeana masharti?"

"Ndilo ninalolitaka. Sitaki lingine."

Alifuta vumbi kwenye kiatu kimoja. "Sawa, papa. Nitasema."

Aliniletea baiskeli ya mbio keshoye. Niliizunguka, nikaikagua. Ilikuwa nyepesi kama kiti cha watoto, ilikuwa na springi mbele na vitesi, yaani gia, ambavyo vilibadilishwa kwa kidole gumba, lakini nyuma haikuwa na kitu.

"Haina karia," nilimwambia.

"Ni ya mbio, papa. Haibebi kitu."

"Sasa ni ya nini?"

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka katika ua wangu tangu tulipomzika mama yake, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyoonyesha.

Tulifanya mazoezi jioni tatu au nne, jua likishuka. Mimi nilizoea kinga yenye mzigo. Ile tupu ilinirukaruka kwenye mteremko kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kwa hiyo nilijaza mchanga katika mfuko, nikaufunga nyuma ya kiti ili gurudumu litulie. Mwanangu aliukata kwa kisu bila kuniuliza. Nilizoea pia kupunguza mwendo kwa kukandamiza tairi la nyuma kwa kandambili yangu ya mpira wa gari, kama wabebaji wote wafanyavyo, na ilibidi anikataze mara nyingi kama anayefundisha mtoto kula kwa mkono wa kulia. "Breki ziko mukononi, papa. Mukononi." Jirani yangu, mama mmoja muuza maandazi, aliponiona nimevaa ile kaptula ya kubana ya mashindano alisimamisha kazi yake yote.

"Papa, unaenda kuoa tena?"

"Naenda kushindana."

"Na nani? Na kifo?"

Nilipanda baiskeli. Mwanangu alikuwa amesimama pale, na nilitaka aone kwamba baba yake anaweza kuvumilia kuchekwa kwa ajili yake.

Usiku wa Jumamosi mchanga wa bandarini ulijaa watu. Mashine ya umeme ilinguruma, muziki ulipigwa kwa nguvu, na wakimbiaji walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri, wote vijana, taa zao zikimulikana machoni. Shefu wa mwanangu alikuwepo, mtu mnene mwenye shati jeupe, amekaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wenzake wa biro. Mwanangu alikwenda kuwasalimu. Mimi nilibaki nimeshika baiskeli zote mbili. Kijana mmoja aliyekuwa akijaza pumzi tairi lake alinitambua.

"Mzee, leo samaki iko wapi?"

"Leo hakuna samaki," nilisema.

"Lakini harufu iko," alisema mwenzake, na wote waliokuwa karibu wakacheka.

Mwanangu alikuwa amesharudi. Nilimwona kwa mwanga wa taa za wengine. Naye alicheka, si kwa sauti, kwa mdomo tu, kama mtu anayelipa ushuru ili apite. Nililiona hilo. Nikajiambia kwamba kazi yangu ni kufika, na mengine yatasemwa pale mwisho kama tulivyokubaliana.

Walipotuachilia, vijana walitoka kama kuku waliotupiwa mtama. Mimi na mwanangu tulitoka kwa utulivu. Mitaani watu walisimama milangoni wakitupigia makofi, watoto wakakimbia kando yetu, kisha nyumba zikaisha na giza likatupokea. Njia ya mlimani ilianza na mchanga. Vijana walikuwa wakisukuma pedali kwa hasira, magurudumu yakizunguka bila kwenda. Mimi nilishuka, nikasukuma kwa kifua kama nilivyosukuma maisha yangu yote, mwanangu akafanya vivyo hivyo nyuma yangu, na tukawapita wengi. Sijisifu kwa hilo. Mtu akifanya kitu kimoja kwa miaka mingi, mwili wake hukifanya hata bila yeye.

Palipokuwa na mawe nilimwambia akae kulia. Palipokuwa na daraja la magogo nilimwambia ashuke mapema. Alitii kila neno. Mahali fulani katikati ya mlima, tulipokuwa peke yetu, mji ukiwa chini na ziwa likiwa weusi mmoja mkubwa nyuma yake, nilimsikia akihema na kusema, "Papa, polepole kidogo. Nakufuata." Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akipanda mlima huu akiwa amekaa kwenye karia yangu, juu ya vikapu vitupu, siku zisizo na samaki, nikienda kumwonyesha soko. Sitakana kwamba nilifurahi. Kama mbio zingeishia pale, leo ningekuwa nasimulia jambo jingine.

Kijiji cha juu kilikuwa na wanaume waliosimama na kitambaa cheupe. Tulikizunguka, wakatumulika namba zetu vifuani.

"Muko wa pili," mmoja alisema. "Wa kwanza wamepita sasa hivi tu."

Mwanangu alinipiga bega. Hakuwahi kunipiga bega. "Papa, wa pili. Umesikia? Tukiteremka vizuri tunawakuta kwenye korongo."

Tukaanza kuteremka. Sasa lazima nieleze jambo kuhusu ile kona iliyo chini ya kijiji. Pale palikuwa na nyumba ya mama mmoja, mwenyeji wa mlima, Mtabwa kwa kabila, ambaye tangu nilipoanza kubeba samaki alikuwa akiacha moto ukiwaka nje ya mlango wake usiku kucha. Hakuuwasha kwa ajili yake. Yeye alilala ndani. Aliuwasha kwa ajili yetu wabebaji, tuliofika pale tumelowa jasho na tukakutwa na baridi. Tulikaa, tukaota moto, tukamwachia samaki mmoja kwenye kibao, tukaenda. Na mwaka ule mji ulipojaa bunduki na watu wakakimbia, mke wangu na watoto walilala katika nyumba yake mpaka mambo yalipotulia. Mwanangu huyu alikuwa bado mdogo, ana homa. Mama yule alimbeba mgongoni mchana na usiku, kwa sababu mke wangu alikuwa amechoka hata kusimama.

Tulipoikaribia kona niliuona moto, lakini ulikuwa mkubwa mno. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye miti. Watu walikuwa wamekaa na wengine wamelala kwenye mikeka, wamejaa ua wote mpaka ukingoni mwa njia, na wanawake walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini ile ya saa za usiku ambayo haihitaji kuelezwa. Wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kupita katikati yao. Sufuria lilikuwa limepinduka njiani na mama mmoja alikuwa akiokota maharage kutoka kwenye vumbi. Mtoto alikuwa akilia.

Sisi wabebaji tulikuwa na desturi, na hakuna aliyetuandikia. Ukikuta kilio usiku, unashuka kwenye kinga kabla ya mkeka wa kwanza. Unazima taa. Unasukuma kwa miguu, hugongi kengele, unawaambia waliokaa wewe ni nani, umetoka wapi na unakwenda wapi, kwa kuwa wenye msiba wana haki ya kumjua anayepita gizani mbele ya maiti wao. Kama una samaki, unaacha samaki. Ukivuka mkeka wa mwisho ndipo unapanda tena. Wabebaji waliochelewa soko kwa ajili ya hilo samaki wao waliharibika, na hakuna aliyelalamika.

Nilizibana breki, nikashuka, nikazima taa. Mwanangu nusura anigonge.

"Papa, nini? Mnyororo umekatika?"

"Shuka. Ni kilio."

"Nimeona. Tunapita pembeni, kwa upole."

"Shuka, uzime taa." Nilimuuliza mwanamume aliyekuwa karibu ni nani aliyefariki. Alisema, "Ni bibi, mwenye nyumba. Jana jioni." Nilimgeukia mwanangu. "Umesikia? Ni mama wa kona hii. Huyu alikubeba mgongoni."

"Papa, kesho nitakuja. Nakuapia. Nitakuja na mutuka, na kitu mikononi, nitakaa nao siku nzima. Lakini sasa tuko wa pili, na shefu anangoja pale chini."

"Kesho utakuja kwa ajili ya kesho. Sasa hivi unapita mlangoni pake."

"Hajui kama napita."

"Wao wanajua."

Taa yake ilikuwa machoni mwangu na sikuweza kuuona uso wake. Nilisikia tu pumzi zake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Wewe unataka niwe kama wewe," akakanyaga pedali. Alipita kati ya mikeka, taa ikiwaka, akigonga kengele ili watu wajikunje miguu. Walijikunja. Hakumkanyaga mtu.

Nilisukuma baiskeli mpaka karibu na moto. Mahali pale marehemu alipozoea kukaa alikuwa amekaa mdogo wake, mama mzee naye, kitambaa cheusi kichwani. Nikasema kama inavyopasa: kwamba mimi ni mbebaji wa samaki, mwana wa kaskazini, natoka kijiji cha juu nakwenda mjini, na kwamba sina samaki mikononi. Akaniinulia macho.

"Papa wa samaki. Njo wewe kweli? Na nguo gani hizi?"

"Nguo za mbio."

"Mbio za kwenda wapi?"

"Za kurudi tulikotoka."

Watu wachache walicheka, kama watu wachekavyo kwenye kilio usiku ukiwa mrefu. "Dada yangu angekuona na hiyo kaptula," alisema, "angecheka mpaka aamke." Halafu kicheko kikamtoka machoni na akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Na huyu alitumulika sasa hivi na kengele yake, unamujua?"

Ningeweza kusema simjui. Usiku ulikuwa mweusi, na wakimbiaji wote walivaa kofia zinazofanana.

"Ni mwanangu," nilisema. "Ni yule mtoto mwenye homa aliyelala humu wakati wa vita."

Alitikisa kichwa polepole. "Amekuwa mukubwa," alisema, akasukuma kijinga motoni.

Mtu hakai kwenye kilio na kuinuka papo hapo kama aliyekaa juu ya siafu. Nilikaa. Na nilipokuwa nimekaa, wakimbiaji wengine walipita, wawili wawili, wote na taa zao, mmoja akipiga kelele ya kushangilia kama yuko uwanjani. Hakuna aliyeshuka. Vijana wa ule msiba, wajukuu wa marehemu, walichoka. Waliinuka wakaburuta gogo la kuni ili walilaze njiani. Nikasimama mbele yao.

"Muntu atavunjika shingo hapa," niliwaambia. "Mutakuwa na vilio viwili kwenye ua mmoja."

"Na wao wanatufanyia nini, papa?"

"Wanawafanyia vibaya. Rudisheni gogo."

Walilirudisha, lakini mmoja alinitazama ile namba kifuani mwangu, akasema, "Wewe nawe ni wao." Hilo nilikuwa nalistahili.

Nilipoaga, yule mama alinishika mkono na kuniambia maziko yatakuwa baada ya siku moja. Nikasukuma mpaka nilipovuka mkeka wa mwisho, nikapanda, nikawasha taa. Kwenye korongo nilianguka. Mguu wangu ulikwenda wenyewe kutafuta tairi la nyuma, haukulikuta mahali ulipolizoea, na nikajikuta nimelala kwenye kokoto, kiwiko kikitoka damu. Niliinuka nikaendelea. Nilikuwa nimeahidi kufika, naye alikuwa ameahidi kusema. Hata baada ya yote nilikuwa bado nalingoja lile neno. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo kuliko damu ile.

Chini muziki ulikuwa bado unapigwa. Mwanangu alikuwa amesimama kando ya mstari, ameegemea baiskeli yake, mikono imekunjwa. Alikuwa amefika zamani, akaambiwa hajafika, akasimama pale akitazama jozi baada ya jozi wakipita na kukumbatiana. Nilipouvuka mstari msimamizi alitumulika sote wawili na kusema, "Haya, sasa muko kamili," na watu wakatupigia makofi ya huruma. Wenzake wa biro walikuwa wamesogea. Shefu naye alikuja, mkononi ana chupa ya soda.

"Kumbe ulikuwa wa pili kule juu," alimwambia mwanangu. "Imekuwaje? Mzee alianguka?"

Mwanangu alinitazama kiwiko. Kisha akawageukia wote, akanyoosha mgongo, na akaongea kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Shefu, munisamehe. Huyu ni papa yangu. Njo huyu alinizaa. Hakusoma, iko na mambo ya kizamani. Tumekuta watu wa kilio barabarani, akashuka kwenye kinga, akakaa nao."

"Akakaa nao?"

"Akakaa nao, shefu."

Walicheka sana. Si kicheko kibaya, nadhani. Ni kile ambacho watu hucheka wanaposikia habari za mzee wa mtu. Yule kijana wa harufu ya samaki alikuwepo naye, na alicheka mpaka akainama. Shefu alicheka pia, lakini akaacha mapema kuliko wengine.

"Kumbe papa yako yuko hapa hapa Kalemie," alisema. "Miaka hii yote hukutuambia." Akanipa mkono. "Mupeni papa soda."

Walinipa soda. Niliinywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Kisha nikaiegemeza baiskeli aliyonipa mwanangu kwenye ukuta, nikavua kofia na ile namba, nikaviweka juu ya kiti chake, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani.

Siku ya maziko nilipanda mlima na kinga yangu, na kikapu cha mikebuka kwenye karia. Wabebaji wa zamani tuliobaki tulikaa mkeka mmoja. Mwanangu hakuja. Alimtuma mke wake na gunia la unga, pamoja na huyu anayeandika, na udhuru kwamba kuna meli bandarini. Huenda kulikuwa na meli. Mdogo wa marehemu alipokea unga kwa mikono miwili, akashukuru, hakuuliza umetoka kwa nani. Mimi ndiye niliyemwambia.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mwanangu alinijia uani. Hakukaa. Alizungumza kuhusu mvua, ambazo hazikuwa karibu, na kuhusu bei ya ndagala, dagaa wetu. Mwisho akasema kilichomleta.

"Papa, umenikasirikia. Lakini ulitaka niseme mbele ya watu wewe ni nani. Si nilisema?"

"Ulisema."

"Mbele ya wote."

"Mbele ya wote."

Alingoja. Mimi nilikuwa na mpira wa kuziba, nikauziba. Akaondoka.

Tangu siku ile anasema kila mahali. Kanisani, bandarini, akikutana nami barabarani akiwa na wageni, huninyooshea mkono na kusema, "Huyu njo papa yangu," na wageni, ambao wamekwisha kusikia habari za mbio, hutabasamu kabla sijawasalimu. Naitikia. Ni adabu kuitikia. Vijana wameandaa mashindano tena mwaka huu, na njia ni ile ile, ila wameambiwa wapunguze kelele kwenye kona. Amepata mwenzake wa biro wa kukimbia naye.

Binti yake ameniuliza sasa hivi, kalamu ikiwa hewani, kama aandike kwamba nimemsamehe baba yake. Baba yake hajaniomba msamaha. Aandike hivyo.